Nani Anywe Kwanza?

Hadithi za vijana za siku hizi, zile za dunia iliyoharibika, nyingi zina mfupa mmoja. Mvua zimekoma au vita vimekula kila kitu, serikali imebaki ukuta na bunduki, na kitu kimoja kimekuwa adimu kuliko dhahabu. Mara nyingi kitu hicho ni maji. Halafu anatokea kijana wa miaka kumi na sita, anapenya ukuta, anapigana, anayapata, na sisi wasomaji tunapiga makofi. Nafanya kazi na vijana na hadithi hizi nazipenda, asije mtu akafikiri nazidharau. Filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, Pumzi, ya mwaka 2009, nimewaonyesha vijana zaidi ya mara moja: watu wamejifungia ndani baada ya vita vya maji, jasho na mkojo vinachujwa vinywewe tena, na Asha anatoka nje jangwani na mche mmoja, anaumwagia maji yake ya mwisho. Lakini Pumzi haifanani na nyingine. Asha hapigani ili anywe.

Swali langu linahusu zile nyingine, na hasa zile zenye maji yanayoponya. Maji ya kawaida ukiyakosa leo unaweza kuomba kwa jirani ukavuka mpaka kesho. Maji ya kuponya ni mambo mengine: akiyanywa huyu, yule anakufa. Je, ni haki kuyapora ili kumwokoa mtu wako? Na tukisema si haki, tumwambie nini dada anayemwona mdogo wake anakwisha mbele ya macho yake?

Vijana wa kikundi chetu wameandika ya kwao, madaftari mawili makubwa. Kuna mlima, juu yake kuna chemchemi inayotoa kibuyu kimoja tu kwa siku, na chini kuna nchi nzima inayougua ugonjwa wa kukauka. Walinzi wanakaa pale juu na mikuki. Msichana ana mdogo wake mgonjwa. Usiku anapanda, anawaangusha walinzi wawili, anachukua kibuyu, anashuka nacho mbio kurasa kumi na moja (hapo kwenye kukimbia waandishi wetu hawachoki), na mdogo wake anakunywa na kusimama. Ilipomalizika kusomwa wote walishangilia isipokuwa binti mmoja, ambaye aliuliza, "Kibuyu cha siku ile kilikuwa zamu ya nani?" Ikawa kimya. Hakuna aliyekuwa amemwandika mtu huyo.

Ndo kusema katika hadithi nzima kuna maiti moja ambayo hatujaiona. Mtu alikuwa amelala mahali fulani akisubiri zamu yake, pengine miezi, na asubuhi ile akaambiwa leo hakuna. Hakufa kwa mkono wa walinzi. Amekufa kwa mkono wa shujaa wetu.

Wavulana walimtetea msichana kwa nguvu na sina neno baya juu yao. Walisema mtu anayemwacha ndugu yake afe kwa kuheshimu foleni si mtu, ni mti. Wazee wetu nao walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi mama akinisukuma akakimbilia mbele kwa sababu mtoto mgongoni mwake amelegea, sitamshika nguo. Lakini kumsamehe mtu ni jambo moja na kumpigia makofi ni jambo jingine, na nadhani hadithi nyingi zinatupokonya tofauti hiyo. Zinatupa mgonjwa mmoja mwenye jina, mwenye macho makubwa na wimbo anaoupenda, halafu zinawafanya wagonjwa wengine wote kuwa umati. Ukishamwita mtu umati, kumpora ni rahisi sana. Sisi tunaosoma gazeti hili tumewahi kuitwa umati, tena kwa namba, kwa hiyo tungepaswa kushtuka haraka kuliko wasomaji wengine.

Wakristo wanakijua kisa cha birika la Bethzatha pale Yerusalemu, katika Injili ya Yohana sura ya tano. Matao matano yamejaa vipofu, viwete, waliopooza. Iliaminika kwamba maji yakitibuliwa, anayeingia wa kwanza ndiye anapona. (Maelezo ya malaika anayeyatibua hayamo katika nakala za kale zaidi za Injili, lakini imani yenyewe imo katika maneno ya mgonjwa.) Sasa hebu itazame kanuni hiyo kwa utulivu. Wa kwanza kuingia ni nani? Ni mwenye miguu. Ni yule anayeumwa kidogo, au mwenye ndugu wanne wa kumbeba na kusukuma wengine. Kanuni ya anayewahi inaonekana ya haki kwa sababu haimtaji mtu kwa jina wala kabila, kumbe imeshachagua tangu asubuhi. Yule mtu mwenye ugonjwa wa miaka 38 hakulalamika kwamba maji ni machache. Alilalamika kwamba hana mtu wa kumtia birikani, na kila akijikokota mwingine anamtangulia. Na Yesu hakumbeba akawapiga vikumbo wengine. Alimponya pale pale alipolala, nje ya maji.

Kwa Waislamu kuna Zamzam, na kisa chake kina kipande ambacho watu hawakisimulii sana. Wote tunakumbuka mama yetu Hajra akikimbia mara saba kati ya Safa na Marwa kwa ajili ya mwanawe Ismail, na maji yakatoka. Baadaye lilipita kabila la Jurhum, wakamwona ndege angani wakajua hapa kuna maji. Wao walikuwa kabila zima, yeye mwanamke peke yake na mtoto mchanga. Katika simulizi iliyopokewa na Bukhari, waliomba ruhusa ya kukaa. Akawakubalia, kwa sharti kwamba maji hayatakuwa milki yao. Wakakubali. Waandishi wetu wa daftari la pili walipokisikia walisema hapo hadithi imeharibika, vita vimekosekana! Mimi naona hapo ndipo kuna ajabu. Wenye nguvu wameomba kwa asiye na nguvu, na aliyekuwa amekaribia kufa kwa kiu hakukifunga kisima.

Foleni sisi wa kambini tumeisomea, hata bila cheti. Kwenye bomba dumu linasimama badala ya mtu (bidoni, kama wanavyosema wa Kivu). Unaliacha la kwako la njano alfajiri, unarudi kuwasha moto, na ukija tena unategemea kulikuta nyuma ya dumu la mama yule yule. Hakuna askari analilinda. Kuna miongozo ya kimataifa ya misaada inayoitwa Sphere inayosema mtu apate walau lita 15 kwa siku, bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, lisiwe mbali zaidi ya mita 500, na kusubiri kusizidi dakika 30. Ni namba nzuri na mtu akizidai ana haki. Ila zinapima bomba. Zamu inapofika na mwenye dumu amelala ndani na homa, kuna mtu ama atalisogeza dumu lake, ama ataliruka. Hapo ndipo unawajua majirani. Nimeona dumu la bibi mmoja likisogezwa na watoto ambao hawakuwa hata lugha moja naye, na nimeona pia dumu likirushwa kwenye tope kwa sababu mwenyewe alichelewa dakika mbili.

Mpaka hapa nimeongea kama vile uchache umeshuka kutoka mbinguni. Waandishi wa hadithi wanafanya hivyo pia: chemchemi ni moja, kibuyu ni kimoja, basi, tuanze kupigana. Lakini kabla ya kuuliza nani anywe kwanza, kuna swali linatangulia, na nina mifano miwili ya kweli ya kulionyesha.

Wa kwanza mnaujua, angalau wakubwa wenu wanaujua. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi ya mugariga kwa shilingi 500. Alisema ni maono aliyopewa na Mungu na kwamba kinatibu magonjwa sugu. Watu walitoka Tanzania nzima, Kenya, Uganda, mpaka Kongo. Foleni ya magari ilipita kilomita 20. Wengine waliwatoa wagonjwa wao hospitali wakawapakia kwenye basi, na makumi ya wagonjwa walikufa njiani au wakiwa foleni, kama vyombo vya habari vilivyoripoti wakati ule. Wenye uwezo walishuka kwa helikopta. Mwishoni mwa mwezi Machi mwenyewe aliomba watu wasije kwa siku kadhaa mpaka waliokuwepo wapungue. Hakuna ushahidi wa kitabibu uliowahi kuonyesha kwamba kile kikombe kilitibu magonjwa yale, na waliokuwa na virusi wakaacha dawa zao walijiweka kwenye hatari kubwa. Alifariki mwaka 2021, na simsemi vibaya marehemu. Bei yenyewe haikuwa ya tapeli. Ninachotaka mkione ni kanuni. Mti wa mugariga ni kichaka cha kawaida, unaota sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Moto upo, maji yapo. Kilichofanya kikombe kiwe adimu ni sharti moja: kinafanya kazi kikitolewa na mkono wa Babu tu, pale pale Samunge. Mkono mmoja, watu maelfu kwa siku. Kilomita zile 20 zilitengenezwa na sharti lile.

Mfano wa pili ulitokea kwa wakimbizi wenzetu, mbali na hapa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa Bangladesh, watu wapatao milioni 10 walikimbilia India. Kipindupindu kikaingia. Huko Bangaon, karibu na mpaka, daktari wa watoto anayeitwa Dilip Mahalanabis alikuta hospitali ndogo ambayo wagonjwa wamelala mpaka sakafuni, katika matapishi na kinyesi. Tiba iliyoaminika ilikuwa dripu, maji ya chumvi yanayoingizwa kwenye mshipa, na dripu zilikuwa zinaisha. Wa kuchoma sindano nao walikuwa wachache. Kwa maneno mengine alisimama ndani ya hadithi yetu: chemchemi moja, kibuyu kimoja, watu wengi.

Hakuanza na kupanga nani anywe kwanza. Wanasayansi walikuwa wameshagundua, miaka ya sitini, kwamba sukari huivusha chumvi kwenye ukuta wa utumbo na maji hufuata nyuma, hata kwa mgonjwa anayeharisha vibaya. Ina maana mgonjwa anaweza kunywa kile ambacho alikuwa anachomwa. Lakini waliamini ni kazi ya wataalamu tu, kwamba kwenye mikono isiyosomea itakuwa hatari. Mahalanabis na wenzake wakapima kwenye pakiti sukari ya glukosi gramu 22, chumvi ya mezani gramu 3.5, na soda ile ya kuumulia mandazi gramu 2.5, kwa kila lita ya maji. Wakakoroga kwenye mapipa yenye bomba, wakawapa vikombe akina mama, waume, kaka na dada wa wagonjwa, wakawaambia mnyweshe, akitapika mnyweshe tena. Dripu ilitunzwa kwa wale waliokuwa wamefika mwisho. Kabla ya hapo walikuwa wanakufa karibu 30 katika kila wagonjwa 100. Baada ya hapo wakawa chini ya 4.

Hiyo ndiyo ORS, paketi ile ile mnayopewa zahanati na kuiona kitu cha kawaida. Nyumbani ukikosa paketi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyojaa kilima, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Baadaye, kuanzia mwaka 1980, shirika la BRAC lilituma wanawake mlango kwa mlango Bangladesh kufundisha akina mama kuyatengeneza kwa chumvi ya vidole vitatu na konzi ya sukari guru. Kwa miaka kumi zilifikiwa kaya zaidi ya milioni 12. Jambo lililonifurahisha kama mtu wa kazi hii ya semina: mfundishaji alilipwa kulingana na kiasi ambacho mama alikumbuka alipokuja kuulizwa baadaye. Siyo kwa idadi ya saini kwenye karatasi ya mahudhurio. Hapo nimesema tu, wenye masikio.

Basi linganisha mikono. Kwa Babu dawa ilikuwa katika mkono mmoja, na kila mtu alilazimika kuufikia. Bangaon kikombe kilipewa mkono wowote uliokuwa karibu na mgonjwa. Ndiyo, najua kimoja kilikuwa imani na kingine sayansi, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini dawa ya kweli kabisa nayo inaweza kufungwa kwenye mkono mmoja. Inaweza kuwa mkono wa mwenye hataza, au wa anayeshika ufunguo wa stoo. Mnalijua hilo. Kwa hiyo swali linalotangulia ni hili: uchache huu umetoka wapi, na nani anakula kwa sababu upo? Walinzi wa chemchemi katika daftari letu wanakula. Shujaa wetu aliwaangusha akachukua kibuyu, na kesho yake walinzi wengine wakapanda. Hakugusa chochote isipokuwa zamu ya mtu mmoja.

Mvulana mmoja alinijibu vizuri. Alisema, "Kaka, nani atasoma hadithi ya watu wanakoroga chumvi?" Nilicheka, lakini tazama: yule daktari angeambiwa ameua watu kwa majaribio kama ingeshindikana. Alikuwa anatoa siri ya waliosoma kwa wasiosoma, katikati ya vita. Kama hiyo si hatari basi sielewi hatari ni nini. Mwandishi mzuri angeweza kunitolea jasho na hadithi hiyo bila mkuki hata mmoja.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo ni la kwetu. Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Rwanda wakaingia Goma. Waliokuwa Kivu wakati ule wanasimulia mpaka leo. Katika mwezi mmoja wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kuhara: kipindupindu, kisha kuhara damu. Ziwa Kivu lilikuwa pale, limejaa mpaka macho yanapoishia, na ndilo walilokunywa. Ardhi ni mwamba wa volkano. Choo hakichimbiki, kaburi halichimbiki. Na mchanganyiko wa Bangaon ulikuwa umejulikana kwa miaka 23. Siyo siri iliyokosekana, ni maji safi na mikono ya kutosha ya kuyafikisha haraka. Kwa hiyo asije mtu akasema ukigawa ujuzi uchache umekwisha. Kuna siku kitu ni kichache kweli, sasa hivi, na hata ukimkamata aliyesababisha, mgonjwa hatakusubiri.

Kwa siku hiyo nasimama na Bangaon: dripu ni ya yule asiyeweza tena kunywa. Siyo wa kwanza kufika, siyo mwenye ndugu wengi, wala anayepiga kelele mlangoni. Ni kinyume kabisa cha birika la Bethzatha. Na ikibaki dripu moja, wagonjwa wawili, wote hawawezi kunywa? Hapo nasema mwenye ndugu yake ndani asiwe mwamuzi. Siyo kwa sababu hapendi; ni kwa sababu anapenda, na upendo wake umeshahesabu mpaka mmoja ukaishia hapo. Aamue mtu asiye na wake chumbani humo, na aamue mbele ya wote wawili, ajulikane kwa jina na aulizwe kesho yake. Msichana wetu wa mlimani akae nje ya mlango, ashike kikombe cha ORS, amnyweshe mtoto wa mtu mwingine wakati anasubiri.

Kuliandika ni rahisi. Mdogo wangu akiwa ndani, sijui kama miguu ingenikubalia kukaa pale mlangoni.